Beseni la Mayai ya Bibi Namsifu

Watoto wawili walitupa mayai ya bibi yao shimoni, na vifaranga walikuwa hai ndani. Huko ndiko ulikotoka usemi mliousikia leo mkauliza asili yake: si kila yai linaloelea ni viza. Sikilizeni.

Mwaka ule mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita milimani Upare ukafagia mabanda. Kwa Bibi Namsifu alisalia tetea mmoja. Tetea yule akataga, akaatamia, na bibi akayatia mayai yote alama ya mkaa asiyachanganye na ya kula. Ndiyo ilikuwa mbegu yake ya kuku. Ikipotea ile, banda limefungwa.

Mwanawe Kajiru alikuwa seremala. Shule aliiacha mapema, lakini alipenda kujua, na alipenda zaidi kujua pamoja na wanawe, Naelijwa na mdogo wake Sifuni, ambao hata shule walikuwa hawajaanza. Jioni alikaa nao jikoni, vumbi la mbao bado nyweleni. Walikoroga chumvi ndani ya maji ikapotea, wakakoroga mchanga ukagoma. Walikamulia ndimu juu ya magadi, povu likapanda, Sifuni akacheka mpaka akapaliwa. Kajiru hakuwa na raha iliyoizidi hiyo.

Siku moja akaleta mayai ya dukani na beseni la maji. Akawaonyesha kwamba yai linalozama ni zima, na linaloelea ni viza, litupwe mbali kabla halijapasuka likanuka nyumba nzima. Naelijwa akauliza kwa nini linaelea. Kajiru akamjibu kuwa lina hewa ndani. Hakuongeza neno. Ujuzi wake uliishia hapo, naye akadhani na jambo lenyewe limeishia hapo.

Haukupita muda bibi akaenda msibani. Watoto wakaona wamsaidie, tetea asije akalalia viza bure. Naelijwa alidonolewa mkono hadi ukatoka damu, lakini hakuacha. Wakayatia mayai kwenye beseni, mkaa ukatoka, yakaelea yote. Wakamhurumia sana bibi yao. Wakayabeba, wakayatupa shimo la taka. Naelijwa alibakiza moja tu kwa sababu lilimfurahisha, akalipeleka kwa baba yake aliyekuwa akipiga randa kibandani kwake.

"Baba, viza hili linacheza ngoma majini."

"Viza gani?"

"La bibi. Yote ni viza. Tumeshatupa, usiwe na wasiwasi."

Kajiru akaliweka sikioni. Ndani kitu kilikuwa kikigonga, kisha ikaja sauti nyembamba. Akaacha randa juu ya ubao, akakimbilia shimoni, akashuka hadi magotini kwenye maganda ya ndizi. Yote yalikuwa yamepasuka, hakupata la kuokoa. Akarudi, akaliingiza lile moja chini ya tetea, akakaa mlangoni mwa banda kumngoja mama yake.

Bibi aliporudi akaelezwa. Alichungulia kiota. Sifuni alikuwa amejificha nyuma ya miguu ya baba yake. Kajiru akasema kama ni kupiga, apigwe yeye.

"Una mvi, nikupige wapi?" bibi akasema. "Mwanangu, yai lililokaribia kuanguliwa nalo huelea. Maji yake yamepungua, hewa imeongezeka, kifaranga apate kupumua. Hilo hukuwaambia."

"Sikulijua, mama."

"Basi ungewaambia hulijui."

Naelijwa, machozi yakimtoka, akauliza sasa watalitambuaje viza. Bibi akamvuta mapajani, akamfunga mkono kwa kipande cha kanga, akamwambia kwamba swali hilo ni zuri kuliko jibu la baba yake.

Tangu hapo Kajiru hakuacha kuwafundisha wanawe, ila kila somo alilimaliza kwa kuwaambia asichokijua. Na fundi mwenzake alipotaka kumfukuza mwanagenzi kwa kuwa ni mzito wa kujifunza, Kajiru alimwambia: si kila yai linaloelea ni viza. Watu wakalichukua neno hilo, nanyi limewafikia.

Liligharimu vifaranga kumi na mmoja, kovu moja mkononi mwa Naelijwa, na tetea aliyezunguka shimo la taka akiita juma zima. Aliyeanguliwa ni mmoja, naye jogoo.