Sange na Kanga ya Bibi Havijawa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao na mikeka yao, na wakifiwa wanaweka matanga kama sisi, aliishi mnyama mdogo anaitwa Sange.

Sange mnamjua? Ni yule anayefanana na panya, ila pua yake ndefu, haitulii, tiki tiki tiki, kama inatafuta kitu ilichokisahau. Alikaa chini ya kichuguu na mkewe na binti yao mmoja tu, Sikudhani. Walimpata wakiwa wameshakata tamaa, ndiyo maana wakamwita hivyo.

Sasa Sange na Tembo walikuwa watani. Mkubwa vile na mdogo vile! Utani wao ulianzia puani. Wakikutana njiani, Tembo anapaza sauti:

"We mwizi! Hiyo pua umeiba kwetu!"

"Kwenda huko!" Sange anajibu. "Mliiazima kwetu nyie, mkaivuta, mkaivuta, mpaka ikalegea. Irudisheni!"

Basi watacheka hao, kwa kwa kwa kwa, mpaka ndege wanaruka mitini. Wala hakasiriki mtu. Mtani hakasirikiwi.

Mwaka ule mvua ikakataa. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Maji yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye kisima alichochimba mama yake Tembo, Bibi Havijawa, kwa miguu yake na mkonga wake, katikati ya mchanga wa mto, chini tu ya ua wa nyumba yao. Na bibi yule alikuwa na roho! Akishakunywa, anakaa pembeni, anawaita wadogo: "Njooni, njooni mnywe. Mdogo naye ana koo."

Lakini uzee ni uzee. Bibi Havijawa akaanguka kitandani, hainuki. Tembo akawa yuko ndani anamuuguza mama yake, huku nje Nyati akaja na mapembe yake, akakaa kisimani, puu!

"Kuanzia leo," akasema, "wakubwa tu. Maji yenyewe haya machache. Nyie vidudu mtachafua."

Tembo akasikia. Akanyamaza. Alikuwa na lake la mama. Lakini kule kunyamaza kwake, wajukuu zangu, ndiko kulikowaumiza wadogo.

Sikudhani akashikwa na homa. Midomo ikampasuka kama udongo wa bondeni.

"Baba, maji."

"Yanakuja, mwanangu. Yako njiani."

Sange akaenda kisimani, akasimama mbele ya Nyati, pua inatetemeka.

"Bwana Nyati, shikamoo."

"Toka."

"Naomba kidogo tu. Hata tone la kulowesha ulimi."

"Una ukubwa gani wewe?"

"Nina mtoto, Bwana Nyati."

"Sikukuuliza mtoto. Nimekuuliza ukubwa!" Nyati akapiga kwato, pwaa! Mchanga ukamrukia Sange machoni. Akarudi nyumbani anapapasa njia.

Jua lilipochomoza, kikasikika kilio kutoka nyumba ya Tembo. Kilio cha tembo si mchezo, ardhi yote inalia. Bibi Havijawa amefariki.

Sange akakaa chini, kichwa mikononi. Alimpenda sana bibi yule.

Mkewe akamuuliza: "Baba Sikudhani, utakwenda?"

"Nitakwenda. Mimi ndiye mtani. Nisipokwenda, nani atawachekesha?"

"Na moyo wa kuchekesha unao?"

Sange akamtazama binti yake pale kitandani, kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

"Sina," akasema. "Nitakwenda hivyohivyo. Mama Sikudhani, kule ndiko maji yaliko."

Sikilizeni sasa niwaambie mila yao. Mtu akifa, mtani wake anaruhusiwa kuchukua nguo ya marehemu akaivaa, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye. Na wafiwa lazima wamwite kwa jina la marehemu mpaka watu waende kuzika. Akiomba kitu, anapewa, hata akilizuia kaburi lenyewe. Ukimnyima mtani, umemnyima marehemu. Na ole wake anayempiga mtani msibani!

Basi Sange akafika. Watu wamejaa, wanalia. Yeye huyoo, katikati ya miguu yao:

"Hodi! Hee, mnalia nini nyie? Mnamlilia mtu, au mnalia nani atawachimbia kisima kingine? Mavivu makubwa!"

Shangazi mmoja akaguna, mmh! Mwingine akaficha uso. Kicheko kilikuwa kinakuja, kinajizuia.

"Kanga yake iko wapi? Leteni, nivae!"

Tabia, dada yake Tembo, akaitoa kanga ya mama yake. Pana kama shamba la mihogo! Sange akaingia chini yake, akapotea. Ikawa kanga inatembea yenyewe uani, pua tu imechomoza, tiki tiki tiki.

"Bibi huyoo!" watu wakapiga kelele. "Bibi Havijawa amerudi!"

Na Sange akatembea mwendo wa bibi. Polepole, puu... anapumzika... puu... Akakohoa kile kikohozi chake cha ugoro, kho, kho, kho. Akaita kwa sauti yake ileile, nzito, ya upole:

"Tembo, mwanangu. Masikio umeosha?"

"Nimeosha, mama," Tembo akajibu, machozi yanamchuruzika.

"Muongo mkubwa! Naona nyasi za mwaka juzi!"

Kwa kwa kwa kwa! Tembo alicheka mpaka akakaa chini. Tabia alicheka akalia, akacheka tena. Walikuwa hawajapumua tangu alfajiri. Sasa ndiyo wanapumua. Na ndani ya ile kanga, ambako hakuna aliyemwona, Sange naye alikuwa analia. Anamlilia bibi, anamlilia mtoto, na huku anakohoa kho, kho, wenzake wacheke.

Halafu ile kanga ikasimama.

"Jamani, wanangu," ikasema. "Mwenzenu nina kiu."

Kicheko kikakatika, kaa!

Nyati akaruka kutoka kisimani. "A-a! Hapana! Huyo ni Sange huyo. Wadogo hawanywi!"

"Nani mdogo hapa?" ikauliza kanga. "Nyati, umenisahau mara hii? Kisima ulichokikalia alikichimba nani? Mapembe yako?"

"Mwambie, bibi!" wanawake wakaitikia. "Mpe vidonge vyake!"

"Tembo!" Nyati akafoka. "Huoni unavyofanywa mjinga? Huu si utani, huu ni ujanja!"

Tembo akamtazama. Akaitazama kanga ya mama yake.

"Mama ameomba maji," akasema taratibu. "Nimnyime mama maji, siku ya leo?"

"Basi nipeni kwenye kibuyu changu cha ugoro," ikasema kanga. "Kinanitosha. Na achote Nyati. Si ndiye anayekaa kisimani?"

Nyati akakung'uta ugoro, akapiga chafya, hachuu! Watu wakacheka upya. Akainama, akachota, chubwi.

"Jaza, mwanangu. Usinipunje."

Akajaza.

"Mbona hunywi sasa?" Nyati akauliza, jicho kali.

"Ala! Wakwe zangu wamekaa hapa wananitazama. Tangu lini mama mkwe akanywa mbele ya wakwe? Nitanywea huko nyuma."

"Kweli, kweli," wakwe wakasema, wakatazama pembeni kwa heshima.

Kanga ikazunguka nyuma ya nyumba, puu... puu... Ikakaa huko. Ikakaa. Ikakaa. Nyati akashindwa kuvumilia, akaenda, akaifunua, fwaa!

Hakuna mtu.

"Nilisema! Nilisema mimi! Amekimbia na maji! Namfuata!"

"Mtani hafuatwi," Tembo akasema. "Kwanza tumzike mama."

Wakamzika. Wakamfunika kwa matawi, kila mmoja tawi lake, kama ilivyo desturi ya tembo.

Huku Sange anakimbia. Mbio, mbio! Kibuyu kimelala mgongoni, yeye ameinama asije akamwaga. Jua kali, naye ulimi umekauka, na hakuonja. Hata kulamba mdomo wa kibuyu hakulamba.

Akakiona kichuguu. Akamwona mkewe amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani.

"Mama Sikudhani! Maji haya! Mnyanyue kichwa!"

Mkewe hakuinuka.

"Mnyanyue kichwa, nasema, nimnyweshe!"

"Baba Sikudhani. Tua kibuyu."

"Situi. Yatamwagika."

"Tua, mume wangu."

Akatua. Pua yake, ile isiyotulia, ikatulia.

"Aliniuliza," mkewe akasema, "Baba anachekesha sasa hivi? Nikamwambia, anachekesha sana. Akatabasamu. Basi."

Lo, wanangu.

Hawakuyanywa yale maji. Walimwoshea mtoto wao. Mama alikuwa anamimina kidogo kidogo, baba anapangusa uso, pale waliposikia vishindo, pwaa, pwaa, pwaa. Nyati anakuja na hasira zake, Tembo nyuma anamkimbilia asije akafanya baya.

"Mwizi we!" Nyati anaunguruma. "Toka nikuone! Maji ya wakubwa umeyape—"

Akaona. Yale mapembe yakainama mpaka yakagusa udongo.

"Mimi... mimi sikujua," akasema.

"Nilikwambia nina mtoto," Sange akasema, hata hakugeuka. "Wewe ukaniuliza ukubwa."

Tembo akapiga magoti nje ya kichuguu. Uso wake mkubwa ukawa sawa na mlango ule mdogo.

"Mtani. Ulipokuwa kwangu unatuchekesha, ulijua kwamba huku hali ni hii?"

"Nilijua anaumwa sana."

"Na ukatuchekesha."

"Mlikuwa mmefiwa," Sange akasema.

Habari zikaenda. Wadogo wakaja wote, digidigi, kobe, kindi, pimbi, midomo imewakauka. Wakubwa nao wakaja kutoka msiba ule mpaka msiba huu. Kaburi likachimbwa, kaburi dogo, ungeweza kulifunika kwa kiganja. Wote wakamgeukia Tembo. Sasa ilikuwa zamu yake. Mtani amefiwa, nani wa kufanya mzaha kama si yeye?

Tembo akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu. Akafumbua tena.

"Mtani," Sange akamwambia, sauti ya kupasuka. "Na mimi nimefiwa. Usininyime haki yangu."

Ndipo Tembo akaunyoosha mkonga wake, polepole, akaweka ncha yake ndani ya lile kaburi dogo. Likajaa.

"Hapa... hapa ni pangu," akasema. "Hazikwi mtu hapa. Sitoi pua yangu mpaka nipewe ninachotaka."

"Unataka nini, lipua wewe?"

"Nataka hawa wadogo waje kisimani. Wanywe kwanza, sisi baadaye, leo na siku zote. Na Nyati ndiye awachotee."

"Nitachota," Nyati akasema, kichwa chini. "Nitachota mpaka mvua inyeshe."

Sange akaanza kucheka, kwi, kwi, kwi, machozi yanatiririka.

"Toa hilo pua, mwizi mkubwa," akasema. "Unachotaka umepewa. Mwache mwanangu alale."

Tembo akautoa mkonga, wakamlaza Sikudhani. Tembo mwenyewe ndiye aliyemfunika, kwa jani moja moja, kama alivyomfunika mama yake. Kisha wadogo wakashuka kwenda mtoni, na Sange na mkewe wakabaki pale, wanasikia kwa mbali maji yanachotwa, chubwi, chubwi.

Basi wajukuu zangu, anayewachekesha siku ya msiba wenu, muulizeni na kwake wameamkaje.