Kwa Nini Mvuke Hunuka Mayai Viza, na Hapumziki

Nyie mnaokunja pua mkipita kule kwenye vilima vinavyofuka, jueni kwamba zamani Mvuke hakuwa na harufu yoyote. Alikuwa bwana mnene, mpole, aliyejilaza chini ya ardhi bila kazi, na hakuna aliyemkumbuka. Kazi ya kuleta umeme ilikuwa ya vijana wawili watanashati, Jua na Upepo.

Jua alifika asubuhi amependeza, jioni akaaga. Upepo alikuja alipojisikia. Akipata fununu ya ngoma upande wa pili wa bonde, huyo, kashaenda. Na wanawake walivyowasifu!

Tabutany, mjane wa mji ulio chini ya vilima vile, hakujali sura zao. Alikuwa na sanduku la kuangulia vifaranga, na ndani yake mayai aliyoyakusanya kwa kujinyima, maana vifaranga hao ndio wangelisha wanawe. Mayai hayahitaji umeme mwingi. Yanataka kidogo tu, ila kidogo hicho kisikatike.

Kilikatika. Jua aliaga kama kawaida yake, Upepo alikuwa harusini, sanduku likapoa. Tabutany alipovunja yai la kwanza alirudi nyuma ameshika pua. Viza, yote.

"Usimlaumu Jua," alisema shangazi yake, Kabon. "Siku ya sherehe utamtaka."

"Sherehe ni siku moja, shangazi. Sanduku langu ni kila siku."

Kwa hasira aliyabeba mayai hadi kwenye shimo la vilimani, akayamwaga. Huko chini mtu akakohoa.

"Nani ananipaka viza usoni?"

Mvuke akapanda, polepole, ute unamchuruzika. Tabutany alitaka kukimbia, lakini joto lile likamshika. Alingoja lipungue, halikupungua.

"Wewe hupoi?"

"Nipoe niende wapi, mama? Mimi sialikwi ngoma. Ila kuamka kwangu ni kazi. Nikishaamka, usiniambie keti, simama, keti, simama. Nipe mzigo usioisha, niubebe moja kwa moja."

Tabutany alipomleta nyumbani, Shangazi Kabon alicheka hadi leso ikamdondoka. Mpwa wake kajiletea bwana anayenuka!

Tabutany akatia sandukuni mayai ya mwisho aliyokuwa amebakiza jikoni, akamkabidhi Mvuke kazi ya kuliletea umeme. Jua akaaga, Upepo akapotea, mawingu yakafunga anga, sanduku halikupoa. Kisha maganda yakaanza kugongwa kutoka ndani. Piyo, piyo, piyo! Ua mzima ukageuka manjano. Na aliyepiga vigelegele vya kwanza, msicheke, ni Kabon yule yule, kifaranga begani, akiapa kwamba yeye alimpenda Mvuke tangu mwanzo.

Majirani wakajitazama. Kumbe kila mmoja alikuwa na sanduku lake: zahanati na friji ya chanjo, kisima na pampu. Wakampa Mvuke kazi ya kuleta ule umeme ambao mji hauachi kuutumia hata watu wote wakilala.

Na tangu siku hiyo, wanaogawa umeme humwita Mvuke kwanza, wala hawampumzishi. Jua na Upepo huongezwa juu yake, wageni wakijaa na matumizi yakipanda. Mvuke aliambiwa basi aoge, sasa ni mtu mkubwa. Akakataa kata kata. Alisema akioga, watamsahau tena.