Mate ya Semboja

Hapo zamani, na nyie wa nyuma mnaonong'ona nyamazeni kwanza, palikuwa na mji uitwao Vigaeni. Watu wake walipenda usafi kupita kiasi. Walisakafia barabara, wakasakafia nyua, wakasakafia hadi vibanda vya kuku, mpaka udongo ukaisha mjini. Haukuota mchicha, haukusimama hata mti wa kuvunja kijiti cha meno. Chakula chao kilitoka Bondeni, kwa wakulima wa maharage. Moto wao ulitoka Kilimani, kwa wachoma mkaa. Cha kwao wenyewe kilikuwa kimoja tu, njaa, na waliiringia kana kwamba wameilima.

Mtu asiye na shamba wala kuni, si angeomba kwa adabu? Thubutu! Vigaeni ndio waliokuwa mabwana. Wauzaji walikuwa wengi, mnunuzi mmoja. Akikunja uso yeye, Bondeni hawalali, Kilimani hawalali.

Desturi yao ilikuwa hii. Kila mavuno, Bwana Semboja, mwonjaji wa mji, aliketi langoni kwenye kiti chenye mto, kitambaa kifuani. Analetewa maharage ya kila aina, yamechemshwa. Akimeza, msimu ujao yanapandwa. Akitema, yanang'olewa. Hakuna aliyeuliza sababu. Kuuliza kulihesabiwa ushamba.

Bondeni walikuwa na maharage mekundu, magumu. Kuyaivisha ni kazi ya kutwa na mkaa wa kutosha, lakini ukiyaweka ghalani fukusi huyajaribu akashindwa. Walikuwa pia na meupe, laini, yanayoiva upesi. Hayo fukusi aliyapenda mno.

Basi msimu mmoja Semboja akaumwa jino. Limeoza, na aibu imemshika. Mwonjaji wa mji mzima, jino bovu! Alipotia harage jekundu mdomoni na kuling'ata, machozi yalimtoka. Akatema. Ptu!

"Yana ladha ya udongo," akasema.

Siku ile ile kila mdomo wa Vigaeni ukagundua ladha ya udongo. Watu waliokulia maharage mekundu tangu walipoachishwa ziwa wakashika pua. Bi Tunu, mwenye kabati la bakuli za kaure, akajipiga kifua: "Jamani, haya tuliyalaje miaka yote?" Uliyala kwa kijiko, bibi, na ukaongezewa.

Habari ikafika Bondeni. Vigaeni hawakusema mekundu yachomwe. Walisema hawayanunui, basi. Lakini Jumbe Mhina, mkuu wa Bondeni, alikuwa mtu wa kutumwa maji akaleta na kisima. Aliamuru mekundu yang'olewe mashambani, na mbegu zilizotundikwa juu ya meko zitiwe moto.

Mwanamke mmoja, Mwanamvua, akamwambia: "Jumbe, hizi za juu ya meko ni za wanangu. Si za Vigaeni."

"Mteja akisikia tunakula mekundu atatuonaje?"

"Kwani mteja analala kwangu?"

"Choma, mama. Usitutie aibu."

Mwanamvua akachoma mbele ya watu. Kapu moja akalificha chini ya kiota cha kuku, kimya.

Kule Kilimani nako kilio. Maharage laini hayataki moto mwingi, mkaa ukakosa mnunuzi. Mchoma mkaa mmoja, Singano, akabeba magunia yake mpaka mlango wa nyuma wa Semboja. Akamkuta ameshika shavu, anasukutua maji ya chumvi.

"Kumbe ni jino!"

"Shh! Ukinyamaza, nitawaambia watu wa mji nguo isiyopigwa pasi ni uchafu. Mkaa wako utanunuliwa wote."

Singano akanyamaza. Vigaeni wakapiga pasi kanzu, wakapiga pasi mashuka, wakapiga pasi hata matambara ya deki. Kilima kizima kikakatwa miti ili tambara la deki linyooke. Mnacheka? Mimi sikuwa na nia ya kuchekesha.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Maghala yakafunguliwa, Bondeni na Vigaeni, na ndani hakuna maharage. Kuna vumbi na fukusi walionenepa. Kibibi, mwana wa mwisho wa Mwanamvua, akawa hana tena nguvu za kulia. Ndipo mama mtu akafukua kapu lake. Nusu akaifunga iwe mbegu, nusu akatia chunguni. Singano akaleta gunia la mkaa, la mwisho. Harufu ikatembea. Vigaeni wakashuka wote na nguo zao zilizonyooka, Bi Tunu mbele na bakuli la kaure.

Mwanamvua akashika upawa. "Watoto kwanza, hilo halina mjadala. Kitakachobaki hakiwatoshi wakubwa wote. Wa mwisho atalamba chungu. Nani atasimama mwisho?"

Semboja akasema: "Mimi nilitema tu. Mdomo ni wangu. Nilimwambia nani ang'oe?" Jino lilikwisha kung'oka, sasa anayataka magumu!

Jumbe Mhina akasema: "Ningekataa, wangenunua kutoka bonde la pili, nanyi mngenipiga mawe. Nilipouza mlinishangilia."

Singano akasema: "Bila mkaa wangu mngetafuna kokoto. Na ningesema ni jino, nani angemsikiliza mtu mweusi kwa masizi?"

Bi Tunu akasema: "Sisi tulinunua tu. Kununua nako kosa?"

Hapo jirani yake mmoja akamgeukia Mwanamvua mwenyewe: "Na wewe je? Ulificha lako peke yako. Ungetuambia, tungeficha wote, na wanangu wawili wangekuwa hapa."

Mwanamvua akainama. "Ningewaambia, mngenipeleka kwa Jumbe."

Watoto wakala, Kibibi akapata nguvu ya kuomba tena. Wakubwa wakaendelea kusukumana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake mkia wa mstari.

Katika vurugu hiyo Semboja akapenyeza vidole chunguni, akachopoa harage moja, akalitia mdomoni. Alikuwa na njaa, hakuwa na nia nyingine. Lakini watu walipoliona shavu lake linatembea, kelele zikakatika. Jumbe Mhina akatazama. Singano akatazama. Bi Tunu akashusha bakuli. Hata jirani mfiwa akafuta macho ili aone vizuri. Upawa wa Mwanamvua ukasimama hewani. Wenye njaa wote wale, mbele ya chungu kinachofuka mvuke, wakasubiri waone kama atameza au atatema.

Mimi nimefika hapo. Je, nani alistahili kulamba chungu? Semeni! Mbona na nyie mnanitazama mdomo?