Mama wa Vitambaa na Kiti cha Bibi

Naona wawili watatu wameshaanza kutazama saa, na mimi hata sijamaliza kusafisha koo. Basi leo sitawachosha. Nitawapa habari ya mama mmoja, kisha kila mtu akaijibu nyumbani kwake.

Mama huyu alikuwa mfumaji. Mnavijua vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa kwenye migongo ya makochi, juu ya meza, juu ya redio, na kwa wengine wetu hata juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Basi mikono yake haikujua kutulia. Akingoja maharage yaive, anafuma. Mume wake akirudi na habari za kazini, anaitikia ehee, ehee, huku anahesabu matundu. Na alikuwa hodari kwelikweli, tusimwonee. Shida yake ilikuwa moja tu: kuanza kulimpa raha kupita kitu chochote, na kumaliza kulimchosha.

Alikuwa amejiwekea nia ya kuipamba sebule yake yote kwa mikono yake mwenyewe. Nia nzuri kabisa. Akaanza na vitambaa vya makochi, vinane, vya nakshi ya mananasi. Akafuma kimoja, viwili, mpaka vitano. Kabla hajagusa cha sita akaalikwa harusini, akaona kwenye mlango wa watu pazia la shanga za karatasi. Usiku ule hakulala vizuri. Kesho yake vitambaa vimetupwa kwenye kochi, yeye yuko sakafuni na mkasi, anakata kalenda za zamani na kuzisokota shanga kwa gundi. Na katika haraka ile akakata na ya mwaka huu. Mume akawa anaulizia tarehe kwa majirani.

Pazia likafika magotini, nalo likakoma hapo, kwa sababu kwenye simu ameona zulia la kusuka kwa kanga chakavu. Akachana kanga. Zulia likawa na upana wa sinia, ndipo akaona maua ya ukutani yanayotengenezwa kwa trei za mayai. Akina mama, mbona mnatazamana? Na nyinyi akina baba msicheke sana, tutafika kwenu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye uzito.

Jumuiya yao ilisali kwa zamu kama sisi, kila Jumamosi asubuhi nyumba moja. Nyumba nyingine zote zilikuwa juu mlimani, za kupanda ngazi za mawe. Ya mama huyu ilikuwa chini, na jirani yake, ua kwa ua, alikaa bibi mmoja mjane ambaye magoti yalikuwa yamemkataa. Bibi huyu hakuweza tena kupanda. Jumamosi zote alikaa kibarazani kwake, akawasikia wenzake wakiimba huko juu, akaimba nao peke yake. Katika jumuiya nzima, nyumba aliyoweza kuifikia kwa miguu yake ni moja, ile ya mama wa vitambaa. Hatua kama ishirini hivi.

Na ni bibi huyuhuyu aliyemshikisha yule mama sindano ya kufumia, zamani, alipokuja pale akiwa bi harusi. Kwa hiyo msidhani hakumpenda. Alimpenda sana. Kila alipofuma aliona moyoni siku bibi atakapoingia sebuleni, asimame katikati, atazame kushoto na kulia, aseme mwanafunzi wangu amekuwa fundi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hakutaka bibi aone nusu nusu.

Zamu yake ilipofika akaomba arukwe. Nyumba haijakaa sawa, akasema. Ikapita miezi mitano, zamu ikarudi, akaomba tena arukwe, maana sasa palikuwa na gundi na karatasi mpaka chini ya meza. Bibi akamwuliza kupitia uani.

"Mwanangu, kwako tunakuja lini?"

"Bado kidogo tu, bibi. Nataka ukija uone."

"Haya. Nitakuja nione."

Bibi akamwomba basi ampelekee vile vitatu vilivyobaki ammalizie, kwani mikono yake bado ilikuwa na nguvu. Mama akamwambia apumzike. Lakini kilichokuwa moyoni mwake ni kwamba ufumaji wa bibi ni wa kizamani, pindo zake pana, utaharibu seti. Mnaona mtu anavyoweza kumpenda mwalimu wake na kumwonea haya kwa pamoja?

Zamu ya tatu akaomba arukwe tena.

Kuanzia hapo mama akaona bibi amebadilika. Alizoea kumpungia mkono akimwona anaanika nguo; sasa hampungii. Anapita karibu naye, bibi anatazama mbele tu. Jioni moja akamwamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo bibi," na bibi akauliza, "Marahaba. Nani mwenzangu?" Jirani wa miaka kumi na minne anaulizwa yeye ni nani! Akaingia ndani moyo unamwuma. Amenuna, akajisemea, amechoka na ahadi zangu, sasa ananikana mchana kweupe. Akakosa raha hata ya kula. Na kama mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Si mngeruka ule ua mkamwuliza bibi nimekukosea nini? Yeye hakuruka. Alitafuta uzi. Akaanza mto wa kochi, wa kudarizi, waridi nyekundu katikati, mto maalumu wa kumkalishia bibi siku atakayokuja, ili wapatane. Akaanza, nimesema.

Mwisho mwenyekiti wa jumuiya, mama asiyekuwa na mzaha, akamshika mkono nje ya kanisa. Jumamosi hii ni kwako, akamwambia, na sitaki kusikia neno gundi.

Wiki ile nyumba haikulala. Jumatatu alikuwa kwenye zulia, Jumanne akaliacha akarudi kwenye shanga, Jumatano akafumua kitambaa cha tano kwa sababu nanasi limeegemea upande. Alhamisi na Ijumaa hata yeye hakumbuki alishika nini. Mume alikula chakula chake amesimama, kwani kila kiti kilikuwa na kazi juu yake: hiki kina shanga, hiki kina kanga zilizochanwa, kile kina trei za mayai zilizopakwa rangi na bado mbichi. Akamwomba mke wake wahamishe vitu chumbani. Mke akasema atavipanga asubuhi, vikishakamilika.

Asubuhi ikafika. Watu wakafika na wimbo wao mlangoni, na yeye yuko juu ya stuli, msumari mdomoni, anatundika pazia lililokoma magotini. Kupitia zile shanga akamwona bibi. Bibi alikuwa mbele ya wote. Amevaa kanga mpya, amejipaka mafuta, na mwenyekiti amemshika mkono. Mama akafikiri ni kwa ajili ya magoti. Akashuka haraka, akatema msumari, akalifungua pazia kwa mikono yote miwili.

"Karibu, bibi. Tazama, bado sijamaliza, lakini tazama."

Bibi akanyoosha mguu, akaipapasa ngazi kwa kidole gumba, akaingia. Akageuza uso kuelekea ilikotoka ile sauti, ila ukapita pembeni kidogo ya uso wa mama, ukatulia kwenye ukuta mtupu.

"Macho yangu yalizimika tangu Kwaresima, mwanangu," akasema. "Nilidhani unajua. Nionyeshe kiti tu nikae, magoti hayanibebi."

Mama akatazama sebule yake. Palikuwa na viti saba. Hakikuwepo hata kimoja cha kukaliwa. Na bibi amesimama pale katikati, mahali palepale alipomwona moyoni siku zote, magoti yanatetemeka, anangoja kiti, na wanawake wawili wamemshika kwapani asianguke.

Ndugu zangu, naishia hapo. Nitaongeza nini? Nawauliza tu: kiti ni cha nini?

Sitaki mtoke hapa mkisema mhubiri amekataza kufuma. Fumeni. Sokoteni shanga, pakeni ukuta maua. Nyumba iliyopambwa kwa mikono ya mwenye nyumba ni furaha kwa kila aingiaye, na mimi mwenyewe nikitembelea kwenu navitazama vile vitambaa nikawasifu moyoni. Wala kosa la mama yule halikuwa kwamba hakumaliza. Hivi angevitandika vile vitano alivyokuwa navyo, akafungua mlango zamu ile ya kwanza, si bibi angeviona? Angeviona vyote. Hata lile nanasi lililoegemea upande angeliona, akacheka, akamwonyesha pa kurekebisha. Macho yalikuwepo. Yalikuwa ng'ambo ya ua, yanangoja kuitwa.

Na sisi tuko hivyohivyo, tusidanganyane. Akina baba, niliwaambia tutafika kwenu. Wewe umeanza msingi wa nyumba, umeota majani, na tangu uuanze hujamwalika ndugu yako hata chai kwenye chumba unachopanga, eti aje kwenye nyumba kubwa. Wewe umesema utapatana na kaka yako ukishatulia. Wewe umemwahidi mama yako kijijini utakwenda ukishakuwa na cha kubeba. Kila mwaka unaongeza kitu kwenye kile kitakachobebwa, na kila mwaka mama anamwuliza mtu mwingine sauti hii ni ya nani. Halafu simu isipopokelewa tunasema amenuna.

Hata Mungu tunamwambia aturuke zamu. Tunamwambia bado nyumba haijakaa sawa, tukiimaliza hii tabia na ile tutamfungulia. Anataka kitu gani cha ajabu kutoka kwetu? Anataka pa kukaa.

Kwa hiyo wiki hii sitawapa kazi kubwa, maana nawajua, mtaianza. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, chagua kiti kimoja. Kimoja tu. Ondoa vilivyo juu yake, weka hata chini, hata uvunguni. Kisha geuka, toka hivyohivyo ulivyo, nenda ng'ambo ya ua ukamwite yule unayemjua wewe.

Nenda angali anakuona.