Maneno Matano ya Mwana Gulinari

Katika mji wa Zabarajadi, wenye kuta za marumaru na bustani za komamanga, alitawala Sultani Nurizamani, na katika zama zake alizuka jini aitwaye Harkani, ambaye kila adhuhuri alishuka kama wingu jekundu na kuteketeza nyumba pamoja na waliomo, na watu wakaishi kwa hofu, wasijue zamu ya nani imefika.

Siku moja jini akatua uani mwa kasri.

"Ewe Sultani, atakayenieleza nyumba nilizoteketeza, asiache hata moja wala asiongeze nisiyoigusa, nitauhama mji huu milele. Lakini kwa kila neno atakalotamka, jiwe litapanda mwilini mwake, na likifika kinywani ndio mwisho wake."

Waziri akajitokeza na sababu ya kila nyumba. "Ya mfinyanzi, kwa kuwa alikudhihaki; ya mfumaji..." Akawa jiwe.

Kadhi akachagua ufupi. "Za wenye dhambi," akasema.

"Na yule mcha Mungu niliyemchoma? Na walevi niliowaacha?"

Kadhi akaanza kuwataja mmoja mmoja, naye akawa jiwe, macho yamemtoka.

Basi Mwana Gulinari, binti Sultani, ambaye yaya wake Haniya alikuwa miongoni mwa walioteketea, akachakura majivu kwa mikono yake, na kila alipochimba akakuta chetezo, maana watu walifukiza ubani ili kumfukuza jini, kumbe ndio uliomwita. Wasiofukiza walisalimika wote, isipokuwa Haniya, ambaye hakufukiza kamwe kwa kuwa kifua chake hakikustahimili moshi.

"Lazima iko sababu ya Haniya pia," akasema mchumba wake, Amiri Yakuti. "Labda ni ubani wa jirani, au mlango wa buluu ulioelekea kisima..."

"Amiri wangu, sababu hiyo itaniua kabla sijaimaliza. Yaya nitamtaja kwa jina tu." Akalia, kwani hakuna aliyeitamani sababu hiyo kuliko yeye.

Akasimama mbele ya jini.

"Zilizofukizwa." Magoti yakaganda. "Ubani." Kiuno kikawa baridi. "Na." Tumbo. "Ya." Kifua kikakaza, pumzi ikamwishia. "Haniya!"

Jiwe likamgusa kidevu, likasita, kisha likapasuka na kumbanduka vipande vipande, na Harkani akanguruma hadi kuta zikatikisika.

"Kwa nini yeye?" akauliza Gulinari.

"Hapakuwa na sababu. Nilikuwa napita tu." Akatoweka.

Sultani akamwoza binti yake kwa Amiri Yakuti, akawapa nusu ya hazina, na wataalamu wakaja kujifunza kwa Gulinari. Naye huwaambia: pimeni kanuni yenu pamoja na yale inayoyaacha nje, na mtwae ile ambayo jumla yake husemwa kwa maneno machache zaidi, na lisilo na sababu msilishonee sababu, hata likiwauma.