Kenge Alivyoinunua Tifua

Masikio yapo?
— Yapo, yanangoja!
Niyape, nisiyape?
— Yape, yale!

Zamani za zamani, wanadamu hawajaujua mpira, wanyama wa Kichangani walikuwa na timu iitwayo Tifua. Kijiji kilikuwa maskini, lakini Tifua ikicheza, vikongwe walitoka vitandani, na waliogombana waliketi bega kwa bega wakaimba.

Timu ilikuwa ya watatu. Ngiri alileta mpira, Nungu alileta ngoma, Bi Kanga alileta jina. Sharti lao lilikuwa moja: wawili wakikubali kuuza, timu imeuzwa.

Ng'ambo ya mto, katika mji wa Mawemawe, aliishi Kenge tajiri. Alikuwa na uwanja mkubwa usio na timu. Akavuka mto.

Siku ya kwanza akaenda kwa Ngiri. Akamwahidi dimbwi la tope lisilokauka hata kiangazi. Ngiri akauliza kama timu itahamishwa.

"Nikiihamisha, jua linikaushe," akaapa Kenge.

Ngiri akauza.

Siku ya pili akaenda kwa Nungu. Nungu akasema hauzi mpaka amsikie Bi Kanga. Kenge akamdanganya kwamba Bi Kanga ameshauza tangu jana, na atakayebaki wa mwisho hapati kitu.

"Nikiihamisha, jua linikaushe."

Nungu akauza.

Siku ya tatu akaenda kwa Bi Kanga, akaapa vilevile.

"Neno la kweli huapiwa mara moja," akasema Bi Kanga. "Wewe, nasikia kwa wenzangu, hiki ni kiapo cha tatu. Jina langu siuzi."

Kenge akacheka. "Baki nalo. Jina halifungi goli."

Mwezi haukuisha. Siku moja kijiji kizima, isipokuwa wachezaji, kilikwenda arusini kwa jirani. Kenge akaja na wapagazi. Akabeba mpira, akabeba ngoma, akang'oa hata nguzo za magoli. Wachezaji akawaambia wanakwenda kwenye mechi ya kirafiki.

Watu wa Kichangani wakarudi wameshiba pilau, wakakuta mashimo ya nguzo. Ngiri akakaa kando ya shimo moja, akalia. Vijana wakashika fimbo wampige.

Bi Kanga akasimama katikati. "Mkimvunja miguu, nani atakaa golini?"

Fimbo zikashuka. Kesho yake wakakata nguzo mpya, na Nungu akawamba ngoma nyingine bila kuambiwa. Wakaitwa wasiowahi kucheza: akina mama, wavivu, hata Konokono. Jina likawa lile lile, Tifua.

Mechi ya kwanza wakafungwa tisa. Ya pili wakafungwa manne. Ya tatu wakatoka sare, na kijiji kikaimba mpaka sauti zikakauka.

Kule Mawemawe watazamaji walikaa kimya, maana hawakujua waimbe nini. Kenge, akiogopa jua la kiapo chake, akawataka wenyeji wauezeke uwanja, la sivyo atahama tena. Hawakuuezeka. Akahama. Huko alikohamia akadai vilevile, akahama tena, na wachezaji wakachoka kufungasha.

Wa kwanza kutoroka alikuwa Paa, mfungaji hodari. Akavuka mto kwa kuogelea, akasimama mbele ya Bi Kanga huku maji yakimtiririka, akaomba nafasi yake.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema Bi Kanga. "Kuna uji jikoni. Lakini Jumamosi utaanzia benchi. Nafasi yako anacheza Konokono."

Paa akanywa uji, akaanzia benchi, na akaimba kuliko wote.

Basi, wenzangu: timu hununuliwa, waimbaji wake hawanunuliki. Na mwenye kuapa sana, mchunguze sana.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie. Na wanaodai goli la kusawazisha lilikuwa la kuotea wasiniulize. Mwamuzi nilikuwa mimi, na wakati ule nilikuwa napiga chafya.