Jeshi Lililoziba Njia

Isome taratibu, kisha mtumie yule jamaa wa kwenye kundi lenu anayeitisha watu kwa kila jambo.

Kijiji kimoja kilikuwa nyuma ya majabali, na njia ya kutokea ilikuwa moja tu, upana wake baiskeli moja. Wezi wa ng'ombe walipitia hapohapo. Kwa hiyo sungusungu, walinzi wa kijiji, waliweka sheria: ukisikia filimbi, puliza na yako, kimbilia njiani, na usiondoke mpaka Kamanda Maduhu aamuru.

Maduhu alijivunia sheria hiyo kupita kiasi.

Siku moja mchana, mlinzi wa zamu aliona vumbi likitimka ng'ambo ya majabali. Akapuliza. Waliosikia wakapuliza, na waliowasikia hao nao wakapuliza. Muda si muda wanaume mia mbili walikuwa wamebanana njiani na fimbo zao, Maduhu akiwa mbele kabisa.

Adui hakuwepo. Wanawake walikuwa wakipepeta mtama huko ng'ambo, na upepo ukaleta pumba kijijini.

Mara nyuma yao ikafika baiskeli imembeba mwanamke mwenye pumu, kajifunika kanga.

"Tupisheni, mgonjwa hapati hewa," akasema mwendesha baiskeli.

"Amri haijatoka," wakajibu.

Wa nyuma wangeweza kurudi. Hawakurudi, na inaudhi hata kusimulia.

Mwishowe mmoja wao alimhurumia, akamnyanyua. Wakampitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono, hadi mbele. Maduhu akampokea, akafunua kanga. Alikuwa Ng'washi, mkewe.

Alikimbia naye mpaka zahanati, ng'ambo ya majabali. Muuguzi Milembe akampa dawa ya kuvuta. Ilichukua muda mrefu kabla kifua hakijafunguka.

"Sista, nani kamfanya hivi mke wangu?"

"Walinzi wake, Kamanda. Mwilini mna askari wa kupambana na maradhi. Wa mkeo wameona vumbi, wakadhani adui. Wameitana, wamejazana kwenye njia ya hewa, njia ikavimba."

"Na dawa yako inamuua huyo adui?"

"Hakuna adui. Hii inapanua njia. Nyingine nitampa ya kila siku, ya kuwatuliza askari wasikimbilie huko."

Maduhu aliona haya. Akatoka nje, akatazama kijijini. Wale mia mbili walikuwa bado wamesimama njiani, wakisubiri amri yake.

Funzo: Ulinzi usioweza kutofautisha vumbi na adui humkata pumzi yuleyule unaomlinda.